Siku Tatu za Kumtahini Zakayo Olenguruone

Nilipaswa kukataa. Neno lenyewe lilikuwa fupi, na Mwalimu Nashoni alikuwa karibu kunitilia mdomoni. Aliniambia, "Wekesa, Zakayo ni rafiki yako, na ndiye aliyekupima wewe mwezi uliopita. Ukiona huwezi kumpima bila moyo kuyumba, sema hapana. Nitamtuma mwingine, na hakuna atakayekucheka." Nikanyoosha tai yangu, nikajibu, "Naweza, Mwalimu. Tena bila upendeleo wowote." Hivyo ndivyo nilivyoanza safari ya Olenguruone. Sasa ni mzee, na kama ningepewa kufuta neno moja tu katika maisha yangu yote, ningefuta hilo.

Chuo chetu cha ualimu kilikuwa nje kidogo ya mji wa Nakuru, na miaka ya hamsini ilikuwa inaelekea ukingoni. Siku hizo mwalimu mwanafunzi alipimwa na mkaguzi wa kutoka mbali. Mkaguzi alifika asubuhi, akakaa nyuma ya darasa nusu saa, akaandika, akafunga bahasha kwa lakiri, akaenda zake. Mwalimu Nashoni, Mwafrika wa kwanza kufundisha chuoni petu, aliuchukia utaratibu huo. Alisema mkaguzi wa namna hiyo anapima hofu tu. Badala yake akaanzisha kitu alichokiita mtihani wa wenzi. Tulitawanywa kwenye shule za mashambani tukafundishe, kisha tukatembeleana wawili wawili. Siku ya kwanza mtahini alitakiwa atazame na kunyamaza. Siku ya pili awaulize watoto swali ambalo mwalimu wao hajaliona. Siku ya tatu yeye na mwenzake wakae, wazungumze mpaka waelewane, ndipo alama ziandikwe kwenye fomu na wote wawili watie sahihi. Naye mtahini alipewa alama zake kwa ripoti aliyoileta: kwa ukweli wake, kwa hoja zake na, kwa bahati mbaya, kwa unadhifu wake.

Zakayo Kirui alikuwa ameanguka mtihani wa kuandika mara mbili. Hakuwa mjinga. Akishika kalamu mbele ya msimamizi, jasho lilimtoka na maneno yakamkimbia. Bodi ya chuo ilimwambia wazi kwamba mtihani wa wenzi ndiyo nafasi yake ya mwisho. Akipata alama hamsini kwa mia, anapewa cheti. Asipozipata, anarudi kwao, na kazi ya ualimu ataisikia kwa watu. Nilijua hayo yote. Tulilala chumba kimoja miaka miwili, nami ndiye niliyekuwa nikimpangusia wino mezani kila alipomwaga.

Lakini nilijua na jambo lingine. Mwezi uliotangulia Zakayo alikuja kunipima mimi kule Rongai. Darasa langu lilikuwa kimya hata ungesikia panya akipumua, na nilikuwa najivunia kimya hicho kama mtu anayejivunia ng'ombe. Siku ya tatu Zakayo alinikalisha juu ya gogo akaniambia polepole, "Ndugu yangu, watoto wako wanakuogopa. Jana nikiwauliza swali, walitazama mlango kwanza waone kama uko." Akanipa sitini na moja. Tukabishana, tukacheka, nikatia sahihi. Kicheko changu kilikuwa cha meno. Maneno yake yalinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Jumatatu asubuhi, stesheni ya Nakuru. Upepo ulikuwa ukileta vumbi jeupe kutoka ziwani, nami nilikuwa nimevaa suti nyeusi. Nilipofika kwenye jukwaa nilifanana na mtu aliyeanguka kwenye pipa la unga. Mkononi nilikuwa na mkoba wa ngozi niliouazima, na ndani ya mkoba mlikuwa na fomu moja, kalamu ya wino, penseli nyekundu na mkate. Askari aliyekagua vitambulisho, maana ilikuwa bado hali ya hatari, alifungua mkoba akatazama.

"Wewe ni nani?"

"Mtahini," nikamjibu.

"Sijauliza kabila. Nauliza kazi."

Watu wa foleni walicheka. Sikucheka. Mtahini, niliamini, hacheki.

Garimoshi lilipanda taratibu, Njoro, kisha Elburgon ambako harufu ya mbao mbichi iliingia behewani, kisha Turi. Katika daraja la tatu nilikaa katikati ya mama mwenye kabichi na mzee mwenye kuku. Nikaona ni vema niwaeleze abiria juu ya elimu ya kisasa. Nikaeleza toka Njoro hadi Elburgon. Mzee wa kuku alinisikiliza kwa heshima, na nilipomaliza akaniuliza, "Kwa hivyo huyo rafiki yako, ukimwangusha, wewe utaongezewa mshahara?"

"Hapana, mzee. Ni haki tu."

"Aa," akasema, akamgeukia kuku wake.

Saa saba mchana, Molo. Baridi ya Molo haipigi hodi. Nilitafuta gari la kunifikisha Keringet, nikapata lori lililokuwa likirudi kutoka kushusha magunia ya pareto, yale maua meupe yanayokaushwa na kuuzwa kwa kutengenezea dawa ya wadudu. Mbele kwa dereva palikuwa pamejaa, kwa hiyo nikapandishwa nyuma juu ya magunia matupu. Vumbi la pareto ni kali. Kufika Keringet nilikuwa nimepiga chafya hata tai ikanigeukia mgongoni. Dereva aliposhuka kunisaidia alinitazama machozi yakinitoka.

"Pole, mwalimu. Umefiwa?"

"Naenda kusimamia mtihani."

"Basi huyo unayekwenda kumsimamia atakuhurumia kwanza."

Kutoka Keringet nilitembea. Njia ilipita kwenye utelezi kando ya msitu wa Mau, na viatu vyangu vilikuwa vya mjini. Nilianguka mara mbili. Mara ya kwanza niliinuka haraka nikatazama kama kuna mtu ameniona. Mara ya pili nilikaa palepale matopeni nikala mkate.

Jioni, Olenguruone. Zakayo alikuwa akinisubiri njiani na blanketi. Alinikumbatia na matope yangu yote. Alikuwa amepanga kwa mjane mmoja aliyeitwa Tapkigen, ambaye kila mtu alimwita Kogo, maana yake bibi. Kogo alinitilia maziwa lala kutoka kwenye kibuyu, maziwa yaliyotiwa mkaa mpaka yakawa na rangi ya mawingu. Nikaonja, nikaweka kikombe chini.

"Hii inspekta naogopa maziwa?" Kogo akamwuliza Zakayo.

"Si inspekta, Kogo. Huyu ni ndugu yangu."

"Kama ni ndugu, mbona nakaa kama karani ya kodi?"

Zakayo alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi nikajikaza, nikanywa maziwa yote kwa mpigo mmoja. Kisha nikafanya jambo ambalo nililiona la kiofisi sana. Nilitoa fomu mkobani. Nikamwambia Zakayo, "Tumalize karatasi kwanza. Mvua ya huku naiona. Fomu ikilowa siku hizi tatu, wino hautashika. Tia sahihi yako hapa chini sasa, mambo ya alama tutayajaza siku ya tatu kama kawaida."

Alinitazama kidogo tu. "Wewe ndiye unayejua karatasi," akasema. Akachukua kalamu, jasho likamtoka hata katika baridi ile, akaandika jina lake polepole, herufi kwa herufi, chini ya fomu isiyo na kitu. Nikaikausha kwa karatasi ya wino nikairudisha mkobani. Nilijiona mtu wa mipango.

Jumanne asubuhi, shuleni. Shule ilikuwa jengo moja la udongo, nyasi juu. Nilikaa nyuma, penseli nyekundu sikioni, nikasubiri somo. Zakayo aliingia, akawasalimu watoto, akawatoa wote nje! Nikabeba kiti changu nikawafuata. Walikwenda kwenye uchanja wa kukaushia pareto karibu na shule. Kila mtoto alikuwa na mkebe. Somo lilikuwa sehemu za namba nzima: nusu, robo, robo tatu. Zakayo hakuwa na ubao, chaki ilikuwa imelowa juma lililopita, kwa hiyo watoto walikuwa wakiandika kwa kidole juu ya majivu yaliyotandazwa kwenye mbao. Walikuwa wakibishana. Mmoja akisema robo, mwingine akimwambia, "Wewe, hebu mwaga uone." Zakayo alichuchumaa katikati yao. Mtoto alipokosea hakumsahihisha. Alimwuliza tu, "Umejuaje?" kisha akamwacha, akaenda kwa mwingine, na kosa likabaki pale chini kwenye majivu kama mbwa aliyelala.

Mimi nilihesabu makosa ya Zakayo. Hakuandika tarehe. Hakusimama mbele. Kelele. Hana maandalio ya somo. Alikuwa na kipande cha karatasi kilichoandikwa maneno sita, nacho kina wino uliomwagika. Kosa la mtoto limeachwa bila kusahihishwa. Moyoni sauti moja ilikuwa ikiniambia, sasa tuone ni darasa la nani lenye kasoro. Sikuiita sauti hiyo kisasi. Niliiita viwango.

Adhuhuri watoto walipokwenda kula, nilibaki peke yangu darasani. Kwa mujibu wa utaratibu siku hiyo ilikuwa ya kutazama na kunyamaza. Nikatoa fomu, nikaona nafasi tupu zikinitazama, na kalamu ilikuwa imejaa. Nikaandika. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri siku zote, na siku hiyo ulijipita wenyewe. Maandalio: hakuna. Nidhamu ya darasa: dhaifu. Matumizi ya ubao: hakuna. Jumla: thelathini na nane. Nikapiga mstari kwa rula. Ilikuwa ripoti safi kuliko zote nilizowahi kuandika, na nilikuwa nimeiandika siku mbili kabla ya kuwa na haki ya kuiandika.

Jumatano asubuhi nilitoa swali langu. Utaratibu ulidai Zakayo asiwepo, akaenda kumsaidia Kogo kuchimba viazi. Nilisimama mbele nikasema kwa sauti ya mkaguzi, "Mkulima ana madebe saba ya maua mabichi ya pareto. Madebe manne mabichi yakikauka yanatoa debe moja. Atapata madebe mangapi makavu?" Nilidhani wataduwaa. Nilikuwa nimechagua saba makusudi, kwa sababu haigawanyiki vizuri.

Vidole vikaenda kwenye majivu. Hakuna aliyetazama mlango. Msichana mmoja wa kama miaka kumi, blanketi limefungwa begani, akasimama.

"Debe moja na robo tatu."

"Vizuri. Kaa."

Hakukaa. "Mwalimu, hayo maua yalichumwa siku gani?"

"Siku gani? Siku yoyote."

"Kama ilikuwa mvua, hayawezi kufika moja na robo tatu. Maua ya mvua ni maji. Tulipima."

"Hata ya asubuhi," akasema mwingine. "Umande."

"Na maua yakirundikwa mengi kwenye uchanja," akasema wa tatu. "Huyo mkulima alitandaza namna gani?"

Wakaanza kuniuliza juu ya mkulima wangu. Alikuwa anakaa upande gani wa mlima? Alikuwa na moto wa kukaushia, au jua tu? Nilikuwa nimemwumba mtu yule dakika tano zilizopita, na sasa watoto arobaini walikuwa wakimsikitikia kwa kupata mwalimu asiyemjua. Nikajikohoza. Darasa langu la Rongai halikuwahi kuniuliza swali hata moja, na nilikuwa nimekuja huku kwa lori la pareto, nikipiga chafya, bila kujiuliza wala kuuliza maua yale yanakaushwaje.

Nilijua pale pale nilichokuwa nimekiona jana bila kukiona. Nataka msomaji anielewe: sikukosa akili. Kufikia saa nne asubuhi ya Jumatano nilijua kwamba Zakayo Kirui alikuwa mwalimu bora kuliko mimi, pengine bora kuliko yeyote chuoni petu. Na fomu ilikuwa mkobani, imejazwa.

Alhamisi, siku ya mazungumzo. Zakayo aliamka mapema akachinja jogoo. Tukakaa nje na Kogo akatuwekea viazi.

"Haya, ndugu yangu," akasema, "leo nipige. Mimi nilikupiga Rongai, usinihurumie. Kwanza, nimeona mwenyewe wale wa nyuma hawakushiriki. Ungefanyaje wewe?"

Alikuwa amejiandaa. Alikuwa ameongeza maswali kwenye kile kipande cha karatasi. Nilipaswa kufungua mkoba nikamwonyesha, nikamwambia, nimefanya upumbavu, tupasue hii tuombe nyingine. Badala yake nilimtazama jogoo wake kwenye sahani, nikawaza: nikibadilisha alama sasa, itasemwa nimenunuliwa kwa nyama. Mtu anaweza kuwa mjinga na bado akajiona mwadilifu. Mimi ni ushahidi.

"Usijali," nikamwambia. "Kila kitu kiko sawa. Utaona."

"Hatuzungumzi?"

"Garimoshi halinisubiri."

Kogo alikuwa akinitazama toka mlangoni. "Hii karani nakula haraka sana," akasema.

Zakayo alinisindikiza mpaka Keringet, amebeba mkoba wangu kichwani kwa sababu njia ilikuwa na utelezi. Njia nzima alinieleza atakavyofanya muhula ujao akishapata cheti: atawafundisha watoto kupima mvua kwa mkebe.

Alasiri, stesheni ya Molo. Garimoshi lilichelewa kwa saa mbili, kwa hiyo hata kisingizio hicho kiliniumbua. Nilikaa kwenye benchi nikatoa fomu. Nilichukua kalamu. Nikaona kwamba kugeuza thelathini na nane kuwa themanini na tatu ni kazi ya kukata mstari na kuandika upya, na maneno yote ya juu nayo yangehitaji kukatwa. Karatasi ingejaa makovu. Mwalimu Nashoni angeniondolea alama za unadhifu. Nakiri mbele ya watoto na wajukuu wangu kwamba hilo ndilo lililonizuia. Nilirudisha kifuniko cha kalamu. Nikajiambia nitamweleza Mwalimu kwa mdomo.

Ijumaa, Nakuru. Mwalimu Nashoni aliisoma fomu akiwa amesimama, kisha akakaa, akaisoma tena.

"Mlizungumza naye siku ya tatu?"

Mdomo ulikuwa wazi, maneno yalikuwa tayari. "Sahihi yake hiyo hapo, Mwalimu," nikasema.

"Naiona. Nauliza, mlizungumza?"

"Tulizungumza."

Juma lililofuata Zakayo aliitwa mbele ya Mwalimu Nashoni na wazee wawili wa bodi. Nami niliitwa, nikasimama kando ya dirisha. Mwalimu alimwekea fomu mezani.

"Kirui, utaratibu huu unakulinda. Kama hukukubaliana na alama hizi, hukutakiwa kutia sahihi. Je, hii ni sahihi yako?"

Zakayo alisoma kutoka juu mpaka chini. Alichukua muda, maana alikuwa msomaji wa polepole. Kisha akainua macho akanitazama. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa akinipa nafasi, kama alivyokuwa akiwapa watoto wake alipochuchumaa kati yao, akisubiri nilione kosa mwenyewe. Ningesema sentensi moja tu, kwamba alitia sahihi karatasi tupu, ningefukuzwa mimi na angebaki yeye.

Nilitazama nje dirishani.

"Sahihi ni yangu, Mwalimu," akasema Zakayo. Akakunja ile karatasi yake ndogo yenye wino akaitia mfukoni, akatoka.

Wazee wa bodi walisema mtihani wa wenzi umeonyesha kwamba vijana wakiaminiwa hawapendeleani, wakanisifu. Ripoti yangu ilipata tisini. Mwalimu Nashoni hakunisifu. Muhula haukwisha kabla hajaomba uhamisho, na chuo kikarudi kwa wakaguzi na bahasha zao.

Kuhusu kilichofuata sina mengi. Zakayo alipata kazi ya kupokea na kupima magunia ya pareto kwenye shamba la Mzungu huko Molo, akaifanya mpaka nywele zikawa nyeupe. Nilimwandikia barua nne. Zote zilifika, karani wa shamba aliniandikia kwamba Zakayo alizichukua kwa mkono wake. Hakujibu hata moja, na aliyemjua vizuri kuliko mimi asingetarajia ajibu kwa kalamu. Ilinipasa kwenda mwenyewe, na sikwenda. Nilifundisha miaka thelathini na mmoja, nikawa mwalimu mkuu, nikajifunza kuchuchumaa kati ya watoto na kuwauliza wamejuaje, na kila mkaguzi aliyekuja aliniandikia kwamba nina njia mpya za kufundisha. Sikumwambia hata mmoja nilizipata wapi.

Habari za kifo chake zilinifikia miezi miwili baada ya maziko. Hakuna aliyeona haja ya kuniita. Nilikubali kumpima Zakayo ili nionekane mwenye haki, na kukubali huko kulimnyima yeye kazi aliyozaliwa kuifanya, na kukaninyima mimi rafiki wa pekee aliyewahi kuniambia kosa langu usoni kwa kunipenda. Sikupata mwingine.